TABORA, MWAKA 1958: KURA ILIPOKUWA NA BEI

Ndugu msomaji, mwezi huu twende Tabora. Panda garimoshi la Reli ya Kati. Ukishuka utaona miembe mikubwa. Utaona pia boma la zamani la Wajerumani. Misafara ya pembe ilipita hapa kabla ya reli. Lakini leo tutazame mwaka mmoja tu, mwaka 1958.

Wakati huo nchi yetu iliitwa Tanganyika. Ilitawaliwa na Waingereza. Ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Watoto wa Wazungu, wa Waasia na wa Waafrika walisoma katika shule mbalimbali. Wanaume walilipa kodi. Asiye na stakabadhi aliweza kukamatwa.

Hata hivyo watu waliendelea na maisha. Walilima, walioa, walicheza ngoma. Jioni vijana walicheza mpira. Dar es Salaam watu walibishana juu ya Yanga na Sunderland. Sunderland ndiyo Simba ya leo. Ilipata jina hilo mwaka 1971. Katika mpira, bao ni bao. Hakuna anayeuliza mfungaji anapata mshahara gani. Katika kura haikuwa hivyo.

Serikali ya kikoloni ilitangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Hii iliitwa kura tatu. Tena si kila mtu aliruhusiwa. Ilibidi uwe na mapato ya shilingi 3,000 kwa mwaka, au uwe umesoma miaka mingi, au uwe na cheo fulani. Shilingi 3,000 kwa mwaka ni 250 kwa mwezi. Vibarua wengi hawakupata hata nusu yake. Mkulima asiyejua kusoma alibaki nje.

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana hapa Tabora. Walibishana sana. Wengine walisema, "Tususe." Mwalimu Julius Nyerere aliwaomba waingie katika uchaguzi. Wakisusa, viti vitachukuliwa na wapinzani wao. Wengi walikubali. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuunda chama chake.

Mwaka huo huo Nyerere alishtakiwa kwa maneno yaliyoandikwa katika gazeti la TANU. Alitozwa faini ya shilingi 3,000, au afungwe miezi 6. Faini ikalipwa.

Uchaguzi ulifanyika Septemba 1958 na Februari 1959. TANU ilishinda. Iliunga mkono hata Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo, kama Derek Bryceson na Amir Jamal.

Mwaka 1960 sheria ililegezwa. Aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili aliruhusiwa kupiga kura. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba, 1961. Mwaka 1962 watu wazima walimchagua Rais. Hawakuulizwa mapato wala masomo.

Ndugu msomaji, leo kila raia mwenye miaka 18 anaweza kujiandikisha kupiga kura. Je, kijijini kwako yuko mzee aliyekuwa mtu mzima mwaka 1958? Mwulize kama aliruhusiwa kupiga kura. Kisha chukua kalamu, uandike maneno yake. Wakati ule kutojua kusoma kulimnyima mtu kura. Wewe sasa unajua. Tumia kalamu yako.