Shilingi ya Mtei na Mkonge wa Korogwe

Ukitaja jina la Edwin Mtei hapa Korogwe, wengi watakujibu: Chadema. Kweli, ndiye aliyekiasisi chama hicho mwaka 1992. Ila mimi ananivuta Mtei wa kabla ya hapo, yule aliyekaa Wizara ya Fedha miaka miwili hivi, kisha akaandika barua ya kujiuzulu. Kumbukumbu zake, zilizotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2009, nimezisoma kama mjukuu wa mkata mkonge. Hesabu iliyomwondoa wizarani ilikuwa pia hesabu ya nyumbani kwetu.

Alichunga mbuzi Marangu, akasoma Makerere, akaingia Hazina, na mwaka 1966 akawa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Mwaka 1974 alipewa ukatibu mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikamfia mikononi mwaka 1977. Ndipo Mwalimu akampa uwaziri, na sijui kama ungepatikana wakati mbaya kuliko huo: vita vya Kagera, mafuta kupanda bei, na dola hakuna.

Mtei aliona tukae mezani na IMF, na shilingi ishushwe thamani. Mwalimu akakataa katakata. Mwishoni mwa 1979 Mtei akaondoka, na tarehe 1 Januari 1980 Mwalimu akawaambia mabalozi wazi kwamba nchi hii haitapangiwa siasa zake na wakopeshaji.

Sasa tuje kwenye mkonge. Dola moja wakati ule ilikuwa kama shilingi nane. Tuseme tani ya singa imeuzwa nje dola 500: kwa kiwango hicho ni shilingi 4,000. Kwa shilingi 17, kiwango kilichokuja kukubaliwa mwaka 1984, tani ileile ni 8,500. Kwa maneno mengine, kila tani iliyopita kwenye korona na kupakiwa meli Tanga ilikuwa inakatwa kodi ambayo hakuna aliyeipigia kura. Sisemi hiyo tu ndiyo iliyoua mkonge. Nyuzi za plastiki zilikuwa zimeshavuruga soko, na mashamba yaliyotaifishwa mwaka 1967 mengi yaliendeshwa hovyo. Lakini nchi iliyotoa zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964 haikufikisha hata 40,000 katikati ya miaka ya 1980.

Nilimwuliza babu kama aliwahi kumsikia Waziri huyu. Hakumkumbuka.

"Hela ilikuwepo, mjukuu wangu," akaniambia. "Sukari ndiyo haikuwepo."

Nimesoma makala nyingi za uchumi kwa sababu ya kazi yangu, na sijakutana na maelezo mafupi kuliko hayo ya shilingi iliyopewa thamani isiyo yake.

Babu hata hivyo yuko upande wa Mwalimu, na hapo ndipo tunapobishana. Anasema shule ilikuwa bure, zahanati bure, na hao IMF walipokuja tukaanza kuchangia. Siwezi kumwambia amekosea. Poland ilimpa mwanauchumi wake, Leszek Balcerowicz, Wizara ya Fedha mwaka 1989 na kumwachia afanye alichokiamini. Mfumuko wa bei ulishuka, lakini viwanda vikafungwa na watu wengi wakabaki bila kazi. Mtei hakupewa nafasi hiyo, kwa hiyo hatujui angeumiza nani.

Ninachokijua ni kwamba alipoona hawezi kusimamia sera asiyoiamini, hakung'ang'ania kiti. Alikwenda shambani kwake Tengeru kulima kahawa. Mwaka 1982 akaenda Washington kuziwakilisha nchi za Afrika kwenye bodi ya IMF hiyohiyo, jambo ambalo wakosoaji wake hawajamsamehe, ingawa mimi naona mtu aliyekuwa wazi tangu mwanzo hakuwa na cha kuficha.

Serikali ya Mzee Mwinyi ilisaini na IMF mwaka 1986. Dola ikafika shilingi 40. Shambani kwa babu korona ilikuwa imeshanyamaza, na yeye alikuwa ameanza kulima mahindi katikati ya mistari ya mkonge uliotoa milingoti.