Pikipiki ya Thumuni: Kutoka Bondeni hadi Takaungu



Ndugu wasomaji, katika mtaa wa Bondeni, hapa Mombasa, ipo gereji ndogo ya mzee aliyekwisha kuvuka miaka sabini. Haina kibao mlangoni. Huijua kwa pampu za maji zilizopangwa ukutani na kwa harufu ya grisi inayopishana na harufu ya mahamri ya jirani. Kwa muda wa miezi minne tulikuwa tukiizuru kila Jumatatu baada ya Laasiri, kwa ajili ya chombo ambacho vijana wetu wengi hawajapata kukiona: pikipiki ya Kiingereza yenye kigari cha abiria ubavuni.

Chombo chenyewe ni BSA, aina ya M21. Herufi hizo zatokana na Birmingham Small Arms, kampuni iliyoundwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki wa mji wa Birmingham, nchini Uingereza. Ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezana. Injini ina silinda moja tu yenye ujazo wa sentimita 591. Haikuundwa kwa mbio, bali kwa kuvuta mzigo. Ndugu yake, M20, ilitengenezewa majeshi ya Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zaidi ya 120,000. M21 nayo, huko kwao, ilitumiwa na watumishi wa chama cha wenye magari, kigari kikiwa kimejaa zana za kuwaauni walioharibikiwa njiani. Uundaji wake ulikoma mwaka 1963.

Hii ya kwetu ilikuwa ya jirani yetu wa Mji wa Kale, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulipoitwa kugawa mirathi yake, tuliikuta uani chini ya turubai, matairi yamepasuka na kuku wametaga ndani ya kigari. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuitajia bei kwa kilo, na wana wawili wamekwisha kuikubali. Tulipomaliza kutaja madeni na kuanza kuhesabu mafungu, mjane akasema kutoka nyuma ya pazia: “Wanangu, mke aliyeachiwa watoto fungu lake ni thumuni. Katika thumuni yangu nihesabieni pikipiki ya baba yenu.” Wakanyamaza. Kisha mkubwa wao akamjibu: “Ni yako, mama. Lakini utaifanyia nini?” Akasema, “Itanipeleka Takaungu kwa dada yangu, kama ilivyokuwa ikinipeleka.”

Ndipo ikafikishwa Bondeni juu ya mkokoteni. Mzee wa gereji aliizunguka mara mbili bila ya kusema neno, kisha akamwambia mkubwa wa wana: “Usiipige teke kuiwasha. Iliyolala miaka mingi huamshwa kwa taratibu.” Sababu yake ni kwamba oili ya pikipiki hii hukaa katika tangi la peke yake, na ikisimama muda mrefu huteremka kidogo kidogo hadi kwenye tumbo la injini. Aliifungua nati ya chini, ikatoka oili nyeusi nzito kama asali.

Tabu ya pili ilikuwa spana. Nati za Kiingereza za zama zile zina vipimo vyao. Spana za milimita zinazouzwa leo ama haziingii, ama huteleza na kuzila pembe za nati. Mzee aliingia ndani akatoka na kifurushi cha gunia. Mlikuwa na spana kumi na moja, alizorithishwa na fundi Kalasinga aliyemfundisha kazi akiwa kijana.

Ya tatu ndiyo iliyotukawiza. Pikipiki hii haitegemei betri kuwaka. Cheche za plagi hutoka kwenye magineto, kijidude kinachozunguka pamoja na injini na kujizalishia umeme. Ikiwa baridi ilikuwa ikiwaka vyema, ikishapata moto huzima, na haiwaki tena hadi ipoe. Mzee akasema ugonjwa umo katika nyaya za ndani, nyembamba kama unywele, ambazo kinga yake imekufa kwa joto na unyevu wa bahari. Ilibidi atafutwe msukaji wa mota, ambaye riziki yake ni feni na pampu, akazivua nyaya zile na kuzisuka upya. Kazi ya siku mbili ilichukua wiki tatu, kwani hakuwahi kusuka kitu kidogo namna ile.

Wakati wote huo alikuwapo kijana wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa pekee wa mzee. Siku injini ilipotengemaa, mzee alimpa bisibisi ndefu, akamwambia aweke ncha yake juu ya injini na mpini sikioni, kisha afumbe macho. “Wasikia nini?” Kijana akajibu, “Nasikia kitu chagonga, babu.” “Chagonga wapi?” Akaisogeza bisibisi mara tatu kabla ya kupaonyesha. Mzee akatutazama. “Sheikh, macho yangu yana mtoto wa jicho,” alisema. “Masikio haya nataka niyaache kwa mtu.”

Kufunga kigari nako kuna elimu yake. Alilaza mbao mbili ndefu zilizonyooka, moja ikigusa magurudumu mawili ya pikipiki, nyingine gurudumu la kigari, akapima nafasi baina yake. Mbele yatakiwa iwe ndogo kuliko nyuma kwa kiasi cha upana wa kidole gumba. Na pikipiki haisimamishwi wima kabisa. Huinamishwa kidogo upande usio na kigari, ili abiria akiketi ikae sawa.

Mwendeshaji naye hana budi kujifunza upya. Kigari kiko kushoto. Ukiongeza moto chombo huvuta kushoto, ukishika breki husukuma kulia, na ukikata kona ya kushoto kwa kasi gurudumu la kigari huinuka. Mkubwa wa wana alijizoeza majuma mawili, gunia la mchanga likiwa limekaa mahali pa mama yake.

Tulitoka baada ya Alfajiri, yeye akiendesha, mama ndani ya kigari na shali yake, na sisi kiti cha nyuma. Juu ya Daraja la Nyali Bi Mkubwa alitusimulia daraja la kuelea lililotumika hadi mwaka 1980, lililopanda na kushuka pamoja na maji, na jinsi marehemu alivyokuwa akipunguza mwendo ili asimtishe. Mtwapa watoto wa skuli walitupungia. Kikambala tulisimama ili injini ipumue. Ikawaka kwa teke la kwanza. Vipingo, penye mashamba ya mkonge, mwana alitaka kuongeza kasi. Mama akanyoosha mkono, akamgusa goti. Akapunguza, na hakujaribu tena.

Takaungu ni mji mkongwe, kando ya hori, walikokimbilia baadhi ya Mazrui baada ya Mombasa kutwaliwa na Seyyid Said mwaka 1837. Sauti ya injini ile ilitutangulia vichochoroni. Dada yake, ambaye sasa haoni, alikuwa amekwisha kuketi barazani. Hakuuliza ni nani aliyekuja. Alisema tu, “Leo umechelewa.”

Ndugu wasomaji, majumbani mwetu zimo cherehani, saa na redio zinazongoja mnunuzi wa kilo. Chuma kinaweza kungoja, anayekijua hangoji. Mzee wa Bondeni hufungua gereji yake saa mbili asubuhi, na nafasi ya mwanafunzi wa pili ingali wazi.

Wassalaam.