Mpaka Ulionilea

Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na wote wawili kwa pamoja, kwani nilizaliwa Kegonga, Kuria Mashariki, ambako ulimwengu si mbali na shamba la mahindi. Huku ni Migori. Kule ni Tarime, Tanzania. Mpaka waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwagawa Wakuria pasi na kuwauliza.

Mwaka jana mjomba alinijia na fomu. "Mura," alisema, "achana na mashairi. Somea uzamili wa uhusiano wa kimataifa, uajiriwe Geneva au Addis Ababa. Karo nitalipa mimi." Nilinyamaza. Mama alikwisha kuuza ng'ombe wawili ili nisome fasihi ya Kiswahili.

Kwa hakika, mjomba hakukosea. Salim Ahmed Salim wa Zanzibar aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22. Baadaye, akiiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa, alirudi darasani na kupata shahada ya uzamili ya masuala ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kuanzia 1989 hadi 2001 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hata hivyo, darasa hilo lilimkuta tayari ana tajiriba ya kupeleka darasani.

Je, mimi ningepeleka nini? Nikakumbuka kikao ambacho baba alinipeleka utotoni, cha wazee wa pande zote mbili za mpaka, kuhusu ng'ombe walioibwa. Mbele ya maafisa wa serikali mbili, mazungumzo yaliendeshwa kwa Kiswahili. Upande mmoja ulidai "fidia". Wa pili ukakataa katakata, kwa kuwa kulipa fidia ni kukiri kosa. Ndipo mzee mmoja akasema, "Basi tukiite kifuta machozi." Jioni hiyo ng'ombe walivuka mpaka kurudi kwao.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo diplomasia: kuujua uzito wa neno. Umoja wa Afrika ulipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, ulihitaji pia watu wa kuyapima maneno hayo.

Nilimwambia mjomba kwamba nitaijaza fomu baada ya kuwasilisha tasnifu yangu. Hajanijibu hadi leo. Fomu ningali nayo, ndani ya kamusi.