Karatasi chini ya godoro

Mjini Bunia, mama mmoja mjane aliyekimbia vita kutoka Djugu alificha karatasi chini ya godoro kwa siku nne. Ililetwa kambini na mjumbe wa tribinali, yule wanaomwita wisie. Mama hasomi Kifaransa. Kijana wa jirani alimsomea, akafika kwenye neno "iresevable", akanyamaza kidogo.

"Mama, wamelikataa shamba lenu."

Shamba ni la marehemu mume wake: mihogo, maharage, na mstari wa mikaratusi aliyoipanda mwaka alipozaliwa binti yao wa mwisho. Tangu familia ikimbie, mtu mwingine anakata miti hiyo na kuchoma makala. Mama ndiye aliyepeleka kesi kwenye tribinali ya amani, peke yake, akitumia pesa za kufua nguo za watu.

Kambini kila mtu alikuwa na lake. Mzee mmoja alisema mashtaka yote sasa ni ya wanajeshi, tangu état de siège ya Mei 2021. Hapo alichanganya: zilizopelekwa kwa tribinali za kijeshi ni kesi za jinai, mambo ya mashamba, mirathi na madeni yalibaki kwa waamuzi wa kiraia. Mwingine akasema siku 30 za rufaa zimekwisha, maana hukumu ilisomwa zaidi ya miezi miwili nyuma. Neno hilo ndilo lililomnyima mama usingizi.

Siku ya tano binti yake alimshika mkono, wakaenda kwenye ofisi ya mashauri ya bure ya maavoka. Avoka aliitazama karatasi pande zote mbili, akauliza kitu kimoja kwanza:

"Mama, hii waliileta siku gani?"

"Juma lililopita, baba. Jumatano."

Basi siku zilikuwa bado. Pande zote mbili zikiwa zilisikilizwa, siku 30 huhesabiwa tangu wisie alipofikisha hukumu, si tangu mwamuzi alipoisoma. Na Kongo hakuna kuomba ruhusa ya kukata rufaa: mtu anatoa tamko kwa grefie wa tribinali ya juu, analipa gharama, kesi inaandikwa. Asiye na uwezo anaweza kutafuta cheti cha umaskini kwa viongozi wa mahali na kuomba asamehewe gharama.

Kisha avoka akamweleza neno lenyewe. Mwamuzi hakusema shamba ni la yule mchoma makala. Hakufika huko kabisa. Alisema mama hakuwa na haki ya kushtaki kwa jina la urithi wote. Katika sheria ya familia, watoto ndio warithi wa kwanza; mjane yuko kwenye kundi la pili. Na pasipo wosia, urithi husimamiwa na mrithi mkubwa kwa umri, au yule warithi waliyemchagua.

"Kwa hiyo nilikosea mlango?"

"Mlango, ndiyo. Nyumba bado iko."

Avoka hakumsukuma kwenye rufaa. Kwa maoni yake tribinali ya juu ingeona kosa lile lile, na miezi ingepita huku miti ikianguka. Afadhali mtoto mkubwa, mwenye miaka 20, athibitishwe kuwa msimamizi, kesi ianzishwe upya. Lakini aliandika tarehe ya mwisho ya rufaa nyuma ya karatasi, kwa kalamu nyekundu, ili mama asije akaipoteza akiwa bado anafikiri.

Kijana huyo anaendesha taksi-moto mjini. Hakuwa amewahi kukanyaga tribinali. Jioni ile mama alimngoja barabarani, karatasi mkononi, na alipofika alimwambia azime moto kwanza.