Kiwiko cha Mchoma Makaa

Kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hadi Lubumbashi ni kama kilomita 90, na sehemu kubwa ya njia hiyo tuliipita nyuma ya malori ya shaba. Sikuwahi kuingia Kongo kabla ya hapo. Bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na kilima cheusi cha mabaki kando yake nilikwisha kuviona pichani, lakini habari za vichuguu hakuna aliyenipa. Katanga imejaa vichuguu vyekundu, vingine vinaishinda nyumba kwa kimo. Na baridi ya Juni! Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, nami natoka Dar es Salaam na shati la mikono mifupi.

Nilikuwa nimefuata ukoma. Tanzania na Kongo zote zimo katika nchi 23 ambazo Shirika la Afya Duniani linazipa kipaumbele kwa ugonjwa huo. Kituo cha afya nilichoelekezwa kiko Lubumbashi, katika mtaa uitwao Kenya, na siku hiyo alikuwepo mchoma makaa mmoja wa upande wa Kasenga, aliyemaliza dawa za ukoma miezi michache nyuma.

“Papa, funga macho,” muuguzi akamwambia, kisha akamgusa kidole cha mwisho kwa ncha ya pamba. “Unasikia?”

“Sisikie kitu, mama.”

Kidole hicho na jirani yake vilikwisha kuanza kujikunja. Muuguzi akanishika mkono, akaniwekea vidole nyuma ya kiwiko cha mzee. Mshipa wa fahamu ulikuwa umevimba, mgumu, na mzee alikunja uso nilipougusa. Nikauliza: kama vimelea vimekufa, huu mkono unaharibiwa na nini?

“Na mwili yake yeye mwenyewe,” alijibu.

Jibu hilo ndilo lililonikalisha kwenye benchi lile mpaka mchana. Kimelea cha ukoma, alichokigundua Mnorwei Gerhard Hansen mwaka 1873, hupenda kujificha katika seli zinazoifunika mishipa ya fahamu. Hukua polepole mno, hata dalili huweza kuchelewa miaka mitano, pengine ishirini. Wanaokuja kukimeza ni makrofaji, seli kubwa za kinga. Mwaka 2017 Cressida Madigan, Lalita Ramakrishnan na wenzao walionyesha, kwa samaki wachanga ambao miili yao hupitisha mwanga, kwamba mafuta fulani kwenye ganda la kimelea huzichochea makrofaji kutoa oksidi ya nitriki. Kemikali hiyo huharibu utando wa mshipa pamoja na vinu vya nishati vilivyo ndani yake. Ni kama mgambo wanaomkimbiza mwizi sokoni wakapindua meza zote za mama lishe.

Dawa huua vimelea, lakini mizoga yao hubaki mwilini muda mrefu. Seli nyingine za kinga, ziitwazo seli T, zikiamka na kuishambulia mizoga hiyo, mshipa hufura. Nyuma ya kiwiko njia yake ni nyembamba, kwa hiyo hubanwa, damu ikapungua, na ganzi ikaingia. Hili huweza kutokea katikati ya matibabu au baada ya mgonjwa kuambiwa amepona.

Wala kinga haiwezi kuzimwa kabisa. Makrofaji hizohizo ndizo zinazosafisha mabaki ya mshipa ulioharibika ili nyuzi zipate kuota tena. Mzee alipewa prednisoloni, dawa inayoanzwa kwa dozi kubwa na kupunguzwa kidogokidogo kwa miezi, baada ya kupimwa kifua kikuu na kisukari, maana dawa hiyo huvichochea vyote viwili.

Mwaka 2007 Kongo ilishuka chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, na ukoma ukatangazwa kuwa si tatizo la afya ya jamii tena kitaifa. Kwangu mimi hesabu hiyo ni pungufu: inahesabu walio kwenye dawa, na mzee yule alikwisha kutoka orodhani siku kidole chake kilipoanza kujikunja.

Dawa za ukoma ni bure, Lubumbashi hata kwetu. Mwenye baka lisilosikia mguso aende kituoni. Na aliyekwisha kumaliza dawa, akiona ganzi mpya au udhaifu wa mkono, mguu au kope, arudi upesi: mshipa ulioumia chini ya miezi sita bado una nafasi nzuri ya kuokolewa.