Malindi: Bahari Inavyojiandika Katika Magamba

Ukifika Malindi mwezi wa Desemba, msomaji mpendwa, usitarajie kila siku kuiona ile bahari ya buluu ya kwenye kalenda. Mvua za vuli zikiwa nzuri bara, maji huku yanaweza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa Mto Sabaki, ambao juu huitwa Galana na juu zaidi Athi. Umesafiri kutoka nyanda za karibu na Nairobi na kupitia Ukambani hadi ukamwagika kaskazini kidogo mwa mji huu. Upepo wa kaskazi huusukuma kuja Malindi. Kusi ikianza kuvuma, matope hugeuza njia yakaelekea upande wa Ungwana.

Mimi nilikwenda kuiona nguzo ya Vasco da Gama kama wageni wote. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na msalaba ulio juu yake ni wa jiwe lililotoka Lisbon. Lakini kilichonishika siku hiyo ni chaza waliogandamana kwenye mwamba chini yake, maji yalipokupwa. Gamba moja tupu lilikuwa limevunjika, na kwenye ukingo wake nikaona mistari myembamba, mmoja juu ya mwingine, kama kurasa za kitabu kilichofungwa.

Mistari hiyo si pambo. Chaza, kome na konokono wa baharini hujijengea nyumba kwa chokaa wanayoifyonza katika maji, tabaka baada ya tabaka. Wakati wa shibe tabaka huwa pana, na wakati wa shida huwa jembamba. Baadhi yao huandika hata kupwa na kujaa kwa maji.

Tena chokaa hiyo imebeba siri nyingine. Hewa ya oksijeni iliyomo majini ni ya aina zaidi ya moja. Iko nyepesi na iko nzito. Maji yakipoa, gamba huchukua nzito zaidi kidogo, na yakipata joto nzito hupungua. Hapa Malindi bahari huwa na joto la karibu nyuzi 29 mwezi wa Machi, ikashuka hadi kama 25 kusi inapokolea mwezi wa Agosti. Tofauti hiyo ndogo inatosha. Mtaalamu hulikata gamba kwa msumeno, hulisugua likang'aa, kisha hutoboa mstari kwa mstari kwa sindano kama ya daktari wa meno, na ule unga kidogo anaoupata huenda kupimwa kwa mashine.

Aliyeonyesha njia hii ni Harold Urey wa Chicago. Mwaka wa 1951 yeye na wenzake walipima kisukuku cha mnyama wa jamii ya ngisi kilichotoka kisiwa cha Skye, Scotland, wakaweza kuhesabu majira ya joto na ya baridi aliyoyapitia kiumbe huyo mamilioni ya miaka iliyopita!

Hata hivyo kazi hii ina mitego yake. Maji ya mvua na ya mto nayo huleta oksijeni nyepesi, kwa hiyo gamba la karibu na Sabaki laweza kumhadaa msomaji wake akadhani bahari ilipata joto, kumbe yalikuwa mafuriko.

Katika bahari baridi ya Aisilandi, mwaka wa 2006, watafiti waliopoa kome mmoja ambaye baadaye alipewa jina la Ming. Mwanzoni walimhesabia miaka kama 405. Walipohesabu upya, wakatangaza mwaka wa 2013 kwamba alikuwa na miaka 507. Alizaliwa basi mwaka wa 1499, na ni Januari ya mwaka huohuo Vasco da Gama alipotia nanga hapa Malindi akirudi kwao kutoka Bara Hindi. Nguzo hii tunaihesabu kuwa ya kale, na kumbe mwenzake alikuwa hai hadi majuzi.

Malindi nayo ina daftari lake, ingawa lililosomwa zaidi si la kome bali la matumbawe. Mwaka wa 2000 watafiti wa Marekani pamoja na mwenzao wa Kenya walitoa habari za tumbawe la hapa lililoandika miaka 194 ya joto la bahari. Matumbawe mengine yameonyesha kwamba udongo wa Sabaki uliongezeka mno tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba na mifugo ilipozidi huko juu. Kwa hivyo mwamba wa Malindi unajua jinsi Mkamba alivyolima.

Nikiondoka, kijana mmoja alinifuata na kikapu cha simbi na makombe yaliyong'arishwa.

"Chukua hili, mzee, nitakupunguzia."

"Limetoka wapi?" nikamuuliza.

"Baharini."

"Bahari ya wapi? Mwezi gani?"

Akacheka. "Mzee, wewe wataka kununua ama wataka kuandika?"

Nilimweleza kwamba gamba lisilojulikana lilikotolewa wala siku lilipotolewa ni kama barua iliyochanwa anwani, na kwamba ndani ya hifadhi ya bahari, iliyowekwa tangu 1968, kuyaokota ni marufuku. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akageukia basi la watalii lililokuwa likiegesha, akaanza kuyafuta vumbi kwa pindo la shati.