Nyuki na Moyo

Husemwa, fuata nyuki ule asali. Methali hii yasifu bidii, nami naikubali. Lakini nyuki ana mwiba pia. Nimeumwa na nyuki mara nyingi tangu utoto, na kila mara fungu langu lilikuwa uchungu, uvimbe na kicheko cha wenzangu. Kwa hiyo nilistaajabu niliposoma kwamba mwiba huo, usiofikia urefu wa punje ya mchele, waweza kuushambulia moyo.

Habari hii ilielezwa mwaka 1991 na tabibu wa Kigiriki, Nicholas Kounis, na mwenzake Zavras. Mwilini mna chembe za ulinzi, na baadhi yake hukaa moyoni. Kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kuichukia sumu ya nyuki au nyigu, chembe hizo humwaga histamini na vitu vingine vikali. Mishipa inayoulisha moyo hujikaza, damu hupungua, kifua hubana. Jambo hili laweza kumpata hata kijana mwenye mishipa mizima. Kwa yule ambaye mishipa yake imeingia utando wa mafuta, utando huo waweza kupasuka, na damu ikaganda papo hapo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sumu ya nyuki mmoja ni kidogo mno. Ajeruhiye hapa ni mlinzi aliyechomoa upanga gizani akamkata mwenye nyumba.

Aliyeumwa na nyuki akilalamika kuwa kifua chamwuma, aghalabu huambiwa ajikaze, kwani mtu mzima halii kwa ajili ya mdudu. Maneno hayo yana ushujaa, lakini hayana elimu. Mtu huyo apelekwe hospitali upesi, na tabibu aelezwe mambo yote mawili, kuumwa na kubanwa kifua. Akiambiwa moja, atatibu nusu ya ugonjwa. Kazi yake si nyepesi. Adrenalini ndiyo dawa ya kwanza mzio unapotishia maisha, walakini nayo yaweza kuikaza zaidi mishipa ya moyo. Kupima hayo ni kazi ya mwenye elimu. Kutochelewa ni wajibu wetu sote.

Udogo wa adui si kipimo cha madhara yake, na maumivu ya mwenzetu hayapimwi kwa ukubwa wa kilichomwuma. Amsikilizaye mgonjwa kabla ya kumcheka amekwisha kuanza kumtibu.